Madaraja Thelathini na Moja

Osaka,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Dada Agnella,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali, niruhusu nieleze neno moja, kwa sababu barua yote hii inalitegemea, na sitaki baadaye tutofautiane juu ya maana. Neno lenyewe ni kutembeza. Kwa asili yake ni kumfanya mwingine atembee. Katika matumizi lina maana tatu ambazo wenye lugha hawazichanganyi. Mgeni hutembezwa mjini ili aone. Vitumbua hutembezwa mitaani ili vinunuliwe. Na bakora hutembezwa darasani ili watoto wanyamaze. Angalia ni kitu gani kinachotembea katika kila moja: kwanza ni mtu, pili ni bidhaa, tatu ni fimbo, yule anayepigwa hatembei kabisa, amesimama mahali pamoja ameunyoosha mkono. Mwanafunzi wangu mmoja hapa chuoni aliniuliza mwezi uliopita kama ipo maana ya nne, nikamjibu kwamba haipo. Nilimdanganya. Ipo, ila mfano wake ninao mmoja tu, nao ndio ninaokuandikia.

Sasa nikujulie hali. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua zilizoanza huko hazijauleta mto Lumemo hadi ukumbini kama mwaka ule mlipolala juu ya magunia ya mpunga. Mimi ni mzima wa afya. Baridi ya hapa imeanza kulegea, na wanafunzi wangu kumi na wawili wa Kiswahili wamefaulu wote isipokuwa mmoja, ambaye hata sasa anawasalimia wazee kwa mambo vipi. Nimefurahi kusikia kwamba binti yenu Careen ameongezewa majukumu zahanati, na kwamba shamba la Mbingu limelimwa kabla maji hayajaingia. Kuhusu Mwalimu Wendelin, mumeo na shemeji yangu, Careen ananieleza kwamba sasa anatoka kitandani hadi barazani kwa magongo mawili bila kushikwa, na kwamba wageni wakija kumpa pole huwaambia wasimwonee huruma, yeye amepanda cheo, alikuwa na miguu miwili na sasa anayo mitatu.

Nimechelewa kuijibu barua yako ya tarehe sita Januari. Careen aliipiga picha kurasa zote nne na kunitumia kwa simu siku ileile, kwa hiyo siwezi kusingizia posta. Nimeisoma mara nyingi. Sababu ya kuchelewa nitaitaja, lakini mahali pake si hapa.

Uliandika kwamba mguu wa Mwalimu umekatwa kwa sababu ya viatu, na kwamba viatu ulivinunua wewe. Ulieleza kwa kirefu: viatu vya ngozi nyeusi, soko la Ifakara, namba arobaini na mbili ingawa yeye huvaa arobaini na tatu, kwa kuwa arobaini na tatu zilizokuwepo zilikuwa za kahawia na suti yake ni ya kijivu, nawe hukutaka mumeo aonekane Japani kama mtu aliyeazima miguu. Muuzaji alikuhakikishia kwamba ngozi hutanuka. Uliandika kwamba kila unaposikia gongo likigonga sakafu, unaisikia sauti ya muuzaji yule. Ulivichoma nyuma ya jiko, vikatoa harufu siku mbili. Uliandika kwamba tangu Noeli hujapokea Komunyo. Padre alikuambia kununua viatu si dhambi, nawe ukamjibu kwamba padre hununuliwa viatu na akina mama wa WAWATA na hajui bei ya kukosea namba. Huo ndio ukurasa ninaoujibu.

Nianze na mpango wa siku yenyewe. Utakumbuka jinsi ilivyokuwa. Bi Nakagawa, aliyewahi kuja kujitolea kufundisha hisabati katika shule aliyofundisha Mwalimu, alimwalika akae kwake wiki moja katika mji mdogo milimani. Ndege ya kurudi ilikuwa Jumapili, na njia ya uwanja wa ndege ilipita Osaka, kwa hiyo Jumamosi, tarehe ishirini na sita Oktoba, ilibaki wazi. Mwezi wa nane ulinipigia simu ukaniambia nimtembeze shemeji yangu, asije akarudi Ifakara akasema Osaka aliiona kwenye dirisha la treni. Nilikuuliza anapenda kuona nini. Ukampa simu mwenyewe.

Alitaka kuona madaraja. Alinieleza kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiwachorea watoto wa darasa la sita ramani ya Osaka ubaoni, mji wa mito na viwanda, na kuwaambia kwamba una madaraja ambayo mtu hawezi kuyamaliza kwa siku moja. Watoto walimwuliza kama ameyaona, naye alikuwa akiwaambia wafunge midomo waandike. Huku yeye mwenyewe, kwa miaka mingi ya miaka hiyo, kila alipokwenda upande wa Mahenge aliuvuka Kilombero pamoja na mbuzi na baiskeli. Alicheka akasema, shemeji, mimi nimefundisha daraja huku nikivuka kwa pantoni. Nionyeshe hata moja nikafie mbele.

Nilimwahidi kwamba nitamwonyesha zaidi ya moja.

Unanijua tangu utoto; sifanyi kitu nusu. Nilinunua ramani ya karatasi, nikaiambatanisha na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Jumapili tatu nilizitumia kuipita njia mwenyewe kwa miguu, simu ikihesabu hatua. Niliandika kila benchi, kila choo, kila lifti, kila mahali penye ngazi na idadi ya vidato vyake. Niliandika saa kwa hesabu yetu, kwa kuwa Mwalimu hukasirika akiambiwa saa nane asubuhi. Mpango huo, dada, ulikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo bila majivuno. Wewe mwenyewe uliuona, kwa sababu alirudi nao mfukoni, ukauonyesha kwa majirani na kusema mdogo wangu hakosei.

Aliwasili Ijumaa mchana. Nilimpokea kituoni. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vyako, na viatu vilikuwa vikilia kila hatua kama vifaranga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya darasani, watu wawili wakageuka. Nilipotazama miguu yake, alisema dada yako amenivisha kama bwana harusi, vimebana kidogo, lakini vitanizoea.

Siku yenyewe ilianza saa mbili kamili asubuhi, kwenye hekalu lililo kusini mwa mji ambalo mbele yake pana daraja jekundu lililopinda kama mgongo wa paka aliyeshtuka. Vidato vyake ni vya mwinuko mkali. Wazee wa hapa hulipita kwa kushika vyuma vya pembeni, na wengine hulizunguka. Pana njia tambarare hatua chache tu kando yake. Sikumwonyesha. Alipanda, akashuka, akasema limejengwa na mtu mwenye chuki na wazee. Kisha akatoa daftari katika mfuko wa ndani wa koti, akaandika namba moja, jina la daraja, na saa. Nilijua kuanzia hapo kwamba hataruka hata moja, kwa sababu mtu aliyeanza orodha ni mtumwa wake.

Tukapanda treni hadi katikati ya mji, kwenye mfereji wenye mabango makubwa ya taa na vijana wengi kuliko siku ya mnada. Aliniuliza leo ni sikukuu gani, nikamwambia ni Jumamosi. Hapo madaraja yamekaribiana sana. Nilikuwa nimepanga tulivuke moja kwenda na linalofuata kurudi, kushoto na kulia, kama sindano ya fundi cherehani, hadi mwisho wa mfereji. Ndiyo njia pekee ya kuyavuka yote bila kuacha. Kisha tukageuka kaskazini kufuata mfereji mwingine unaopita chini ya barabara ya juu, mahali pasipo na cha kutazama ila nguzo za zege, maji meusi, na daraja baada ya daraja. Alifurahi mno. Kila mara aligonga ukingo kwa kiganja kama mtu anayepima tikiti, akalitaja jina kwa kulivunjavunja, akaandika.

Kwenye daraja la tisa aliniuliza kama hapo panakalika. Nilifungua karatasi, nikamjibu kwamba benchi liko kwenye daraja la kumi na nne. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Benchi lilikuwepo kwenye daraja la kumi na nne. Lilikuwepo jingine pia nyuma yetu, umbali wa kutoka mlangoni kwako hadi kisimani, nami nilikuwa nimelizungushia duara kwa kalamu ya bluu.

Saa saba na robo tulifika mahali nilipopanga tule. Ni nyumba ndogo ya kizamani, sakafu yake imetandikwa mikeka minene, na anayeingia huvua viatu mlangoni. Mwenye nyumba ni bibi wa makamo ya Mwalimu mwenyewe. Mwalimu aliketi kwenye kizingiti akavua cha kulia, kikatoka. Cha kushoto kilikataa. Alikivuta kwa mikono miwili akisema kimenipenda hiki. Kilipotoka, soksi yake ya kijivu ilikuwa nyekundu kuanzia vidole hadi katikati ya wayo, nyekundu iliyoiva, na kisigino nacho kilikuwa na doa la ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Bibi yule aliona kwanza. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akaniambia kwa Kijapani kwamba mgeni wangu ameumia. Nami nikamjibu kwa Kijapani kwamba anajua.

Mwalimu akaniuliza mama huyu anasemaje. Nikamtafsiria kwamba anasema karibu mzee, jisikie uko nyumbani.

Aliinama akamshukuru kwa mikono miwili, kama tunavyofanya. Akaingia, akakaa, akaukunja mguu wa kushoto chini ya wa kulia. Wewe utataka kujua kama aliitazama soksi. Nilikuwa nimekaa mbele yake na sikuona akiitazama. Ila pia sikuona kwa nini aukunje huo na si mwingine. Akala vyote. Samaki mbichi alimgeuza mara mbili kwa kijiti, akasema huyu na moto hata hawajasalimiana, na kwamba kwetu kitoga wa mtoni akifika mezani namna hii mpishi anarudishwa kwao. Bibi wa nyumba alileta taulo la moto na kulitua karibu na mguu wake. Mwalimu akajifutia uso. Kisha akaniuliza yamebaki madaraja mangapi. Nilimwambia tumemaliza kumi na saba, yamebaki kumi na manne. Akasema basi tusikae sana, tutafungiwa.

Alipovaa tena viatu, alikaza kamba.

Baada ya hapo tulikwenda ngome kubwa ya mji, ambayo pia ina daraja lake juu ya handaki la maji. Ndani ya ngome mna orofa nane. Lifti ipo. Alipoiona aliniuliza kama tunapanda nayo, nikamweleza kwamba ile ni ya walemavu. Akajibu kwamba yeye si mlemavu, akashika ngazi. Nilimfuata nyuma. Kutoka nyuma niliona kwamba mguu wa kushoto hautui sawasawa, unatua kama wa mtu anayekanyaga bila hakika kwamba pana sakafu. Lakini uso wake, alipogeuka kunisubiri kwenye kila orofa, haukuwa na dalili ya maumivu. Juu kabisa aliutazama mji pande zote nne. Alisema tu kwamba ramani yake ya ubaoni haikuwa mbaya.

Dada, hapa ndipo ninapotakiwa kukuambia jambo ambalo Careen hakukuambia, kwa sababu aliamini nimesahau, naye kwa huruma yake hakutaka kunishtaki.

Tarehe mbili Oktoba, wiki tatu na siku tatu kabla ya siku ile, Careen aliniandikia ujumbe. Ninao hapa. Aliandika kama muuguzi: kwamba baba yake ana kisukari mwaka wa tisa, kwamba miguu yake imekufa ganzi chini ya kifundo, wamempima kwa uzi wa plastiki na hakuusikia, kwamba anaweza kukanyaga msumari na kuendelea na safari, kwamba mtu wa namna hiyo hatakiwi kutembea sana, wala kuvaa kiatu kipya kutwa, na avuliwe soksi kila baada ya saa mbili atazamwe, kwa sababu yeye mwenyewe hatasema, si kwa ukaidi, ila hana cha kusema. Alimalizia kwa kuandika: mjomba nakuomba, wewe ndiye macho ya miguu yake siku hiyo.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa maana hapa pana kosa ambalo mtu yeyote angelifanya. Utadhani nilikuwa na mpango wangu, ujumbe ukaja, nikaupuuza. Sivyo. Mpango niliokuwa nao tarehe mosi Oktoba ulikuwa mwingine. Ulikuwa na mashua inayopita chini ya madaraja kumi na moja, abiria akiwa amekaa na blanketi magotini. Ulikuwa na lifti ya ngome. Ulikuwa na mabenchi yote ya duara la bluu, na hatua elfu sita na mia mbili kwa siku nzima. Ujumbe wa Careen ulipofika niliusoma mara mbili, nikaenda kazini, nikafundisha vipindi viwili, nikarudi, nikachukua karatasi safi, nikaandika mpango wa pili. Simu yangu jioni ya siku ya madaraja ilisoma hatua elfu ishirini na tisa, mia nne na kumi. Kabla sijajua alikuwa dhaifu wapi, nilimpangia siku njema. Nimekuambatanishia mpango wa kwanza na nakala ya ule wa pili, uilinganishe mwandiko na tarehe.

Viatu vyako, kwa hiyo, vilikuwa na sehemu yao, lakini ni sehemu ya wembe mkononi mwa mtu. Vingekaa ndani ya mashua kutwa nzima bila kumchubua. Hata kuchelewa kwake kusema, zile wiki mbili aliposema nyumbani ni mchubuko tu hadi kidole kikageuka rangi, nako kumo katika hesabu. Lakini mwanzo ni karatasi ya pili.

Daraja la thelathini na moja lina simba wa mawe kwenye pembe zake nne. Tulifika saa kumi na moja, jua likielekea kuzama. Aliandika namba, akapiga mstari chini yake kwa kutumia ukingo wa jalada la daftari kama rula, kama alivyokuwa akifunga rejesta. Alikuwa ameegemea nguzo ya simba. Watu walipita wengi wakirudi makwao. Hapo nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nizaliwe lakini ilikuwa tayari kinywani: aliyechoka ajitokeze.

Mwaka ambao Mwalimu alinifundisha mimi, wewe hukuwa tena shuleni, ulikuwa umeshamaliza, kwa hiyo labda hukuwahi kuyasikia maneno hayo yakitamkwa mahali pake. Alikuwa akiyatamka shambani, kwenye mpunga wa shule, jua likiwa utosini. Na darasa zima lilitakiwa kujibu kwa pamoja, hakuna aliyechoka, mwalimu. Mwaka elfu moja mia tisa tisini na tatu, nikiwa darasa la tano, jembe lilinikata mguu wa kushoto, na siku ya tatu aliposema aliyechoka ajitokeze mimi nilijitokeza, kwa sababu nilidhani ni swali. Akasema vizuri, nitamtembeza apate nguvu. Nilizunguka tuta kwa tuta mara kumi na moja, maji ya mpunga yakiingia kwenye jeraha, na wenzangu wakihesabu kwa sauti kwa amri yake. Nyumbani uliniosha wewe kwa maji ya chumvi. Uliona mfupa. Ulilia kuliko mimi. Mwaka uliofuata, siku ya arusi yako, nilikuuliza jikoni unaolewaje na mtu yule, nawe ulikuwa ukipaka mafuta mikono, ukaniambia bila kugeuka kwamba Mwalimu hakunichukia, alikuwa ananikomaza.

Basi, pale darajani, nilimwambia aliyechoka ajitokeze. Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kirefu hadi akashika simba, akasimama wima, akabana visigino, akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la tano: hakuna aliyechoka, mwalimu.

Tukarudi nyumbani kwa treni. Njiani alinishukuru mara tatu.

Sasa ile sababu ya kuchelewa. Barua yako ilipofika Januari, niliona unajihukumu kwa kosa langu, na nilitaka kupima jambo moja: mtu aliyeniambia nilikuwa nakomazwa angechukua muda gani kukomaa. Nimekupa miezi miwili. Naona inatosha, si kwa huruma, ila Kwaresima imeanza, na sitaki uifunge kwa dhambi isiyo yako. Rudi kwenye Komunyo. Viatu havikukosa ila namba. Sikuombi msamaha, kwa maana ombi hilo lingekupa kazi ya kujibu, na kazi ninayokupa tayari ni kubwa: barua hii nimeituma kwa sanduku la parokia ili isipite kwa Careen wala kwa Mwalimu. Kuanzia leo wewe ndiye unayejua, na unakaa naye nyumba moja.

Nisalimie Careen, na umwambie kwamba ujumbe wake ulifika na ulieleweka kikamilifu. Wasalimie majirani wote wa Lumemo walioiona ile karatasi. Mpe Mwalimu shikamoo yangu, na umwambie daftari la madaraja aliweke mahali pakavu.

Limebaki jambo moja, ambalo nimelifikiri tangu Oktoba na sikuweza kulifunga. Kama aliponijibu kwa maneno yale alikuwa amekwisha kuelewa, tangu pale kwenye mikeka, siku ile ni nini, basi alitembea madaraja kumi na manne ya mwisho kwa hiari yake, na sijui hiyo niiite adhabu au malipo. Kama alikuwa anatania shemeji yake tu, basi hakuelewa chochote. Huwezi kumwuliza bila kumjulisha, nami siwezi kujua bila wewe kumwuliza. Na hata hivyo, dada: ikiwa mguu haukusikia kitu, na mwenye mguu hakujua kitu, siku ile niliyemwadhibu alikuwa nani?

Ni mimi mdogo wako,
Amedeus